Visi Ilikuwa Nzima, Nyama Ndiyo Iliyougua



Siku moja jioni nilikuwa ninarudi nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya, hapa kwetu Panda. Nikakuta baba mmoja wa kanisa letu ananingoja kwenye baraza. Hakutaka kuketi. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole kama mtu anayefungua sadaka. Ndani mlikuwa na jino jeupe, na chini ya jino kipande cha chuma, kirefu kama punje ya mahindi, chenye mizunguko kama visi.

"Pasta, angalia," akaniambia. "Jino yangu ya bei imetoka. Nilikuwa nakula bukari na sombe, nikaisikia tu ku ulimi."

Niliigeuza mbele ya taa. Haikuwa na kutu. Haikuvunjika. Mizunguko yote ilikuwa mizima. Sisi watu wa Likasi tunajua chuma. Baba zetu walikitoa udongoni, wakakiyeyusha, wakakipima. Kwa macho yangu chuma hiki hakikuwa na kosa lolote. Basi, kilichokufa ni nini?

Yule baba hakuja kwa ajili ya swali hilo. Alikuwa na neno jingine zito. Alikuwa na kiwanja, alichokiweka kwa ajili ya masomo ya mtoto wake wa kwanza. Sasa alitaka kukiuza ili apandwe jino lingine. Mama hakukubali. Siku tatu walikuwa hawasemezani mle nyumbani. "Utuombee, Pasta," akasema, "na utuambie: tuuze ao tusiuze?"

Tuliomba. Kisha nilimwambia: "Baba, mbele ya kuuza, twende kwanza tumuulize munganga wa meno ni nini iliyoangusha hii." Juma lililofuata tulishika njia ya Lubumbashi, kilomita karibu 120, yeye, mama, na mimi. Mambo tuliyojifunza kule ninataka kuwagawia leo. Yule baba mwenyewe ameniruhusu, mradi nisitaje jina lake.

JINO LA KUPANDWA NI KITU GANI?

Wengi wetu tunajua meno ya kubandika, yale ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku. Jino la kupandwa, ambalo wanganga wanaita implanti, ni jambo lingine. Munganga anatoboa mfupa wa taya, anaingiza visi ndogo ya chuma, anaacha miezi kadhaa ili mfupa uikumbatie. Kisha anafunga jino jeupe juu yake.

Watu walianza zamani kutafuta chuma ambacho mwili utakubali. Katika miaka ya 1930, kule Boston, Marekani, ndugu wawili wa jina Strock walijaribu visi za chuma kinachoitwa Vitallium. Ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Kobalti! Ni ile madini yetu. Hapa Panda penyewe, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Jadotville, tanuru za umeme za Union Minière zilikuwa zinatoa mchanganyiko wenye kobalti. Mpaka leo, vyuma vingi vinavyoshikilia meno ya kubandika vinatengenezwa na kobalti na kromu.

Lakini kwa kupanda ndani ya mfupa, chuma kilichoshinda ni titani. Mwaka 1952 huko Uswidi, munganga Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza namna damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Alitia kifaa kidogo cha titani katika mfupa wa mguu. Alipotaka kukitoa, kilikataa. Mfupa ulikuwa umeshikana nacho. Mwaka 1965 alipanda visi za titani katika taya ya mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na taya yenye kasoro. Bwana huyo alikula kwa meno yale zaidi ya miaka 40, mpaka alipokufa mwaka 2006.

Kwa hiyo tusidanganyane: kazi hii si uongo. Pale inapofanywa vizuri na kutunzwa vizuri, zaidi ya implanti 9 kati ya 10 zinakuwa zingali mahali pake baada ya miaka 10. Lakini kuwa mahali pake si sawa na kuwa na afya. Nguzo inaweza kusimama huku muchwa wako wanaila.

JINO LA MUNGU NA JINO LA MUNGANGA

Munganga wa Lubumbashi alichukua karatasi, akatuchorea picha mbili.

Picha ya kwanza, jino ambalo Mungu alituumbia. Mzizi wake haukubandikwa moja kwa moja kwenye mfupa. Katikati kuna nyuzi ndogondogo nyingi sana, kama kamba za hema, upande mmoja zimeingia ndani ya mzizi na upande mwingine ndani ya mfupa. Juu kidogo, nyuzi nyingine zinatoka kwenye mzizi na kuingia ndani ya fizi, ndiyo ile tunayoita nyama ya meno. Nyama hiyo imefungwa kabisa kwa jino. Na ndani ya nyuzi hizo kuna mishipa ya damu, inayoleta chakula na askari wa mwili wa kupigana na mikrobe.

Picha ya pili, implanti. Mfupa umeishika visi barabara. Lakini hakuna zile kamba. Nyuzi za fizi hazikuingia ndani ya chuma, maana chuma hakitobolewi na nyuzi. Zinalala tu kando yake na kuizunguka, kama mkono ulioshika mti bila kufungwa. Na mishipa ya damu ni michache kuliko kwa jino la kuzaliwa.

"Mnaona?" akatuuliza. "Mfupa ndio unaobeba mzigo. Lakini fizi ndiyo inayofunga mlango. Mlango ukifunguka, mikrobe inashuka mpaka kwenye mfupa."

Nilikumbuka nguzo za paillote ya marehemu baba yangu. Nguzo ya muti haianzi kuoza kule juu penye majani, wala kule chini kabisa. Inaozea pale inapotokea udongoni, mahali maji ya mvua yanapokaa na muchwa wanapopandia. Ukiangalia juu, nguzo ni nzuri. Ukisukuma, inaanguka. Kinywa ni vilevile: vita vyote viko pale kwenye ukingo, mahali jino linapotokea katika nyama.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Kila siku meno yanapata ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi. Ukoga si mabaki ya bukari tu. Ni kijiji kizima cha mikrobe. Ukiuacha, fizi inakasirika: inakuwa nyekundu, inavimba, inatoka damu ukiigusa. Ukoga ukikaa siku nyingi unageuka kuwa mgumu kama jiwe, na brosi haiwezi tena kuuondoa.

Kwenye implanti ugonjwa una hatua mbili. Ya kwanza wanaita mukositi: nyama peke yake ndiyo inaugua, mfupa haujaguswa. Hapa, ukisafisha vizuri, nyama inaweza kupona. Hatua ya pili wanaita peri-implantiti: mfupa unaanza kuliwa kuzunguka visi. Hapa matibabu ni magumu, bei yake kubwa, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Ubaya ni kwamba mara nyingi hakuna maumivu. Na tena, jino la kuzaliwa linalougua linaanza kutikisika mapema, linakupa habari. Implanti inabaki imara hata mfupa wa juu umekwisha kuliwa. Siku inapotikisika, ujue haina tena mfupa wa kuishika. Ndiyo sababu yule baba aliisikia tu kwenye ulimi, bila kuonywa.

Kweli hakuonywa? Munganga alimuuliza: "Baba, hapakuwa damu?"

Baba akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Damu ilikuwako. Miaka tatu kila asubui mate yake iko nyekundu. Namuambia, anasema ni brosi inamuumiza. Kisha akaacha kabisa kupiga brosi ule upande."

"Nilikuwa nawaza," baba akasema, "ile ni jino ya chuma. Chuma haiozi. Brosi ya nini tena?"

Ndugu msomaji, ni kweli, chuma haiozi. Lakini chuma hakikai peke yake. Kinakaa ndani ya nyama, na nyama inaoza.

Msiwaze kwamba haya ni ya watu maskini wa Afrika tu. Kule Uswidi, nchi iliyoanzisha kazi hii, wanganga walichunguza watu 427 wenye implanti, miaka 9 baada ya kupandwa. Habari zilitolewa mwaka 2016. Karibu watu 45 kati ya 100 walikuwa na alama za peri-implantiti, na 14 ao 15 kati ya 100 walikuwa na ile iliyokwisha kuleta hasara ya kweli. Na wale wako na mswaki, maji ya bomba, na munganga karibu ya nyumba.

Jambo lingine lilitokea. Munganga alitaka kujua lile jino la kwanza, la kuzaliwa, lilipotea namna gani. Lilitoboka? Hapana. Lilianza kutikisika tu, fizi zilikuwa zinatoka damu, likang'olewa. Munganga akatikisa kichwa: "Basi waliondoa jino, ugonjwa ukabaki." Mtu aliyepoteza jino kwa ugonjwa wa fizi yuko katika hatari zaidi ya kupoteza na implanti. Vilevile mvuta tumbako, na mwenye ugonjwa wa sukari asiyeutunza. Baba alikuwa anavuta. Hilo kanisani hatukulijua.

NYAMA NGUMU NA NYAMA LAINI

Chukua kioo, vuta mdomo wako wa chini. Karibu ya meno utaona ukanda wa nyama ngumu, haisogei ukiigusa. Chini yake nyama inakuwa laini, nyekundu zaidi, inacheza pamoja na shavu. Ule ukanda mgumu umeumbwa kuvumilia kutafuna na kusuguliwa.

Wanganga wengi wanapenda implanti izungukwe na nyama ngumu yenye upana wa milimita 2 ao zaidi. Pale ukanda huo ulipo mwembamba, ao haupo, brosi inauma, mtu anaogopa kusafisha, ukoga unajaa. Wataalamu wangali wanajadiliana juu ya kiasi chake, sababu wako watu wenye nyama kidogo ambao wanasafisha vizuri sana na implanti zao ziko salama. Lakini kwa usafi na kwa kutosikia maumivu, nyama ngumu inasaidia. Ikikosekana, munganga anaweza kukata kipande kidogo kutoka kaakaa, yaani dari ya kinywa, na kukipanda pale.

Kwa hiyo, ukisikia mtu anakuambia, "Lete makuta, leo nakuwekea jino," bila kuangalia fizi, bila picha ya mfupa, bila kuuliza habari ya sukari na tumbako, shika makuta yako, rudi nyumbani.

"NAWE PASTA, FUNGUA KINYWA"

Nilikuwa nimekaa pembeni kama msindikizaji, ninaitikia kwa kichwa. Mara munganga akanigeukia: "Nawe Pasta, fungua kinywa."

Sikutazamia. Alipitisha kifaa chake chembamba kandokando ya fizi zangu, akanipa kioo. Damu! Mahali pengi. Mama yule alishindwa kujizuia, akacheka. Mimi ninayesimama kila Siku ya Mungu kufundisha watu kutunza hekalu la mwili, nilikuwa ninapiga brosi asubuhi tu, mbiombio, mbele ya meno ambako watu wanaona. Nyuma na kwenye ukingo wa fizi sikufika. Nilitubu palepale kwenye kile kiti.

Ninasema hili sababu wengi wetu tuliishi kwa mazoea ya zamani. Mfanyakazi wa Gécamines na jamaa yake walikuwa wanatunzwa katika hospitali ya kampani. Baba alikuwa na kazi, mtoto alikuwa na munganga. Kisha kampani ilidhoofika, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa ile mipango iliyoitwa "kuondoka kwa hiari". Jamaa nyingi zilibaki bila matunzo yale. Leo implanti moja inakula mshahara wa miezi mingi wa mwalimu. Lakini kutunza fizi kunahitaji brosi, maji, na dakika 2. Hapo hakuna mchimbaji, wala mwalimu, wala mama wa soko atakayesema hana uwezo.

TUFANYE NAMNA GANI?

1. Piga brosi mara mbili kila siku, asubuhi na mbele ya kulala, dakika 2. Chagua brosi laini na dawa ya meno yenye fluori. Inamisha brosi mpaka iguse ukingo wa fizi. Usisugue kwa nguvu kama mtu anayesugua chungu.

2. Kijiti cha muti nacho kinafaa, kama umekitafuna mpaka kikawa laini na unafika kila upande. Lakini mchanga na makala ya kusaga vinakwaruza meno na fizi. Tuviache.

3. Safisha katikati ya meno kwa uzi wa meno ao brosi ndogo ya katikati. Mwenye implanti asikose hata siku moja. Maji ya chumvi yanatuliza nyama, lakini hayaondoi ukoga.

4. Damu ikitoka, usiache kupiga brosi. Hili ndilo kosa kubwa linaloangusha wengi. Safisha polepole lakini vizuri zaidi. Ikiendelea kupita juma moja ao mawili, mwone munganga wa meno akuondolee ule ukoga uliokuwa jiwe.

5. Mama mwenye mimba, fizi zako zinaweza kuvimba na kutoka damu kwa upesi kuliko siku zingine. Usiseme ni ya mtoto tu. Safisha zaidi.

6. Vijana, tumbako haiharibu mapafu peke yake. Inapunguza damu ndani ya fizi na kuficha ugonjwa: nyama inaonekana haitoki damu, kumbe chini mfupa unaliwa.

7. Mwenye implanti, rudi kwa munganga wako kila miezi 6, ao kama atakavyokuambia, hata kama hausikii kitu. Mwombe aangalie nyama na apime kama inatoka damu.

Mhenga alisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii unajengwa kwa kuuza kiwanja.

KIWANJA KILIBAKI

Mtataka kujua mwisho. Munganga alikataa kupanda implanti nyingine. Alisema mfupa wa mahali pale umeliwa, ungehitaji kujengwa tena, na fizi za kinywa kizima ni lazima zipone kwanza. "Hata ukileta makuta leo, sitayapokea," akasema. Nilimheshimu mtu yule.

Baba alirudi nyumbani bila jino. Kiwanja hakikuuzwa. Mtoto ameandikishwa, anasoma. Baba na mama wanapiga brosi pamoja kila usiku kwenye beseni moja, na mama ndiye anayechungulia kama kuna damu. Tumbako bado inampigisha vita. Ameanguka mara mbili, ameinuka mara mbili, tunazidi kumwombea. Katika kwaya ya wababa anaimba akiwa na pengo lake, na sauti yake ya chini haikupungua.

Nikiwaza habari hii ninamkumbuka Nehemia. Alipopata habari ya Yerusalemu, kilichomliza ni ukuta uliobomoka na milango iliyochomwa moto. Alijua mji usio na mlango mzima hauna amani, hata kama nyumba za ndani ni nzuri. Na walipoanza kazi, wengi walijenga kipande kilichoelekea nyumba yao wenyewe. Ukuta wote ulimalizika hivyo.

Basi leo usiku, kila mtu aanze mbele ya nyumba yake mwenyewe: kinywa chake, kisha vinywa vya watoto wake. Bwana awabariki.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa:
– Nani kati yetu anatoka damu anapopiga brosi? Tangu lini?
– Kila mtu ana brosi yake mwenyewe, ao tunatumia moja?
– Ni jambo gani lingine katika jamaa yetu linatoka "damu kidogo" kila siku, nasi tunalinyamazia?